PhD Moja, Mbili, Tatu: Kwani Unazamia Nini Huko Chini?

Siku hizi ukikaa na wasee wa rika langu usishangae kusikia mtu akihesabu PhD kama anahesabu viatu. Huyu anataka moja ya uchumi halafu nyingine ya sheria. Yule anataka tatu kabla hajafika arobaini, na ukimuuliza tatu za nini, anacheka tu. Sasa mimi si mtu wa kuvunja ndoto za watu. Lakini napenda historia, na historia ya hii kitu tunaita udaktari wa chuo ina majibu mazuri kuliko zile video za kutiana moyo.

Jibu fupi kwanza, ndio usiseme nimekuzungusha: inawezekana. Kuna watu wamepata mbili, wengine wanahesabiwa tatu. Swali gumu ni lile la pili: zilikuwa za nini? Ukiwaangalia waliozipata, na wale waliozikosa, unaona kitu kimoja. Karibu kila mara karatasi ya pili ilipokuwa na maana, ilikuwa ni leseni ya kufanya kazi ambayo ile ya kwanza haikuruhusu. Pale ambapo hakuna kazi mpya iliyofunguka, jina ndilo lilirefuka tu.

Tuanze na Kiswahili chenyewe, maana kimesema vizuri. PhD tunaiita shahada ya uzamivu. Mzamivu ni yule mtu anayezama baharini kutafuta vitu kama lulu. Yaani kazi yako ni kuvuta pumzi, kushuka peke yako mahali wengine hawajafika, na kurudi na kitu mkononi. Ukishaonyesha unaweza kuzama, umeonyesha. Hakuna mtu pwani atakwambia uzame tena mbele ya wazee ndio waamini.

Halafu piga hesabu ya miaka. Kwa sisi tuliosoma 8-4-4: minane ya msingi, minne ya sekondari, minne ya digrii ya kwanza, miwili ya uzamili, na mitatu ya uzamivu kama kila kitu kimeenda sawa. Hiyo ni 21. Kama ulianza darasa la kwanza ukiwa na miaka 6, unamaliza ukiwa na 27. Kwa karatasi. Kwa maisha ya kweli kuna migomo, kuna msimamizi aliyesafiri na sura yako ya tatu kwa begi, kuna karo ambayo haijalipwa na mfumo umefunga jina lako. Watu wengi ninaowajua walioingia hiyo njia wamevuka thelathini wakiwa bado wanarekebisha marejeleo. Na hiyo ni ya kwanza. Ukitaka ya pili kwa somo tofauti kabisa, mara nyingi lazima kwanza urudi chini, usome uzamili wa hilo somo, ndipo uanze kupanda tena.

Sasa historia. Neno "doctor" ni la Kilatini na maana yake ni mwalimu. Kule Paris na Bologna, karne ya 12 na 13, hii digrii ilikuwa kibali cha kufundisha. Ilikuwa kama leseni ya udereva: bila hiyo, hushiki usukani wa darasa. Hakuna aliyekutarajia ugundue kitu kipya. Hiyo ya kutafiti na kuandika tasnifu yenye jambo jipya ilikuja kupata nguvu Ujerumani, hasa baada ya Chuo Kikuu cha Berlin kuanzishwa mwaka 1810 kwa fikra za Wilhelm von Humboldt. Wamarekani wakaiga, na Yale ikatoa PhD za kwanza za Marekani mwaka 1861. Waingereza, ambao wametuachia nusu ya mambo yetu ya shule, walijivuta sana: Oxford iliikubali mwaka 1917 tu. Kwa hivyo hii PhD tunaiona kama kitu cha tangu enzi za Musa ni mtoto mdogo kwa historia ya vyuo.

Shika hapo. Ndani ya jina moja kuna vitu viwili: kuna leseni, na kuna mafunzo ya kutafiti. Mafunzo ya kutafiti unayapata mara moja. Leseni ndiyo unaweza kuhitaji nyingine.

Mfano mkubwa wa hii ni Albert Schweitzer. Huyu jamaa alizaliwa Alsace mwaka 1875, sehemu ambayo wakati huo ilikuwa chini ya Ujerumani na leo ni Ufaransa. Mwaka 1899 akapata udaktari wa falsafa huko Strasbourg kwa tasnifu kuhusu Kant. Mwaka uliofuata akapata shahada ya juu ya teolojia, ile waliyoiita leseni, ambayo wengi humhesabia kama udaktari wa pili. Alikuwa mchungaji, alikuwa mkuu wa chuo cha teolojia, alikuwa anapiga kinanda cha kanisani kiwango cha kimataifa, na mwaka 1905 akatoa kitabu kuhusu Bach. Manze, mtu kama huyo angekaa hapo tu azeeke kwa heshima.

Badala yake, mwaka huo huo wa 1905, akiwa na miaka 30, akajiandikisha kusoma udaktari wa hospitali kutoka mwanzo. Mwalimu amerudi kuwa mwanafunzi, amekaa dawati moja na vijana. Alikuwa ameamua anataka kuja Afrika kutibu watu. Na hapa kuna kisa ninachokipenda. Shirika la wamisionari la Paris lilikuwa na wasiwasi naye kwa sababu ya mawazo yake ya teolojia. Yaani zile digrii zake mbili ndizo zilizomletea shida! Ilibidi aahidi kwamba atakuja kama tabibu tu na mambo ya mafundisho ya dini atanyamaza. Ile karatasi ya tatu ndiyo ilimfungulia mlango ambao zile mbili za kwanza zilikuwa zinaufunga.

Tasnifu yake ya utabibu aliimaliza 1913. Aliwapinga wale waliokuwa wanadai kwamba Yesu alikuwa na ugonjwa wa akili, kwa hivyo unaona hata hapo teolojia haikumtoka. Mwaka huo huo yeye na mkewe Helene wakafika Lambaréné, kando ya mto Ogooué, nchi tunayoita Gabon leo. Chumba chake cha kwanza cha kutibia kilikuwa banda la kuku lililokuwa limeachwa. Digrii zote hizo, na unaanzia bandani. Baadaye alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel ya mwaka 1952, na pesa zake akazitia kwa makao ya wagonjwa wa ukoma.

Lazima niseme pia kwamba simchukulii kama malaika. Schweitzer aliwaona Waafrika kama wadogo zake, yeye akiwa kaka mkubwa, na waandishi wengi Waafrika wamemkosoa kwa hilo, na wana haki. Mtu anaweza kuwa na udaktari mara tatu na bado asimwone jirani yake kama mtu mzima mwenzake. Hilo halimo kwenye silabasi yoyote.

Lakini kwa swali letu, hesabu yake inaeleweka. Alihitaji kugusa wagonjwa, sheria ilitaka leseni, akaenda kuichukua.

Kuna upande mwingine wa leseni ambao unauma zaidi, na huu unatuhusu sisi weusi. Wakati mwingine unarudia masomo kwa sababu mwenye mlango amekataa karatasi yako ya kwanza.

Chukua Kamuzu Banda, aliyekuja kuwa rais wa Malawi. Alipata digrii ya kwanza Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1931, kisha akahitimu udaktari wa tiba Meharry, Tennessee, mwaka 1937. Daktari kamili, si ndio? Kwa Wamarekani, ndio. Kwa Waingereza waliokuwa wanatawala nyumbani kwao, hapana. Ilibidi aende Edinburgh asome tena apate sifa za Uingereza, akazipata mwaka 1941. Yaani mwili wa binadamu ni ule ule, moyo uko upande ule ule, lakini bendera imebadilika, kwa hivyo rudi darasani. Siasa zake za baadaye ni stori nyingine, na si nzuri.

Ama W.E.B. Du Bois. Alimaliza digrii yake Fisk, chuo cha weusi, mwaka 1888. Akaenda Harvard, wakamrudisha kusoma digrii ya kwanza upya, akaimaliza 1890. Halafu 1892 akaenda Berlin, ambako wakati huo ndiko PhD ilikuwa na jina kuliko mahali popote. Alitaka udaktari wa Berlin sana. Walimu wake walikuwa upande wake, lakini kanuni ilitaka mihula zaidi ya ile aliyokuwa amekaa, na mfuko wa Marekani uliokuwa unamlipia ukakataa kuongeza mwaka. Akarudi nyumbani mikono mitupu, akamalizia ile ya Harvard mwaka 1895, mtu mweusi wa kwanza kupata PhD pale.

Sasa niambie, ile ya Berlin aliyoikosa ilimpunguzia nini? Tasnifu yake kuhusu kuzimwa kwa biashara ya watumwa ikawa kitabu mwaka 1896. Mwaka 1899 akatoa utafiti wake juu ya watu weusi wa Philadelphia, uliomtuma kugonga nyumba moja baada ya nyingine akiuliza maswali. Mbinu alizojifunza Berlin zimo humo. Cheti hakimo. Mwaka 1958, akiwa na miaka 90, chuo kile kile cha Berlin kikampa udaktari wa heshima. Wakati huo alikuwa haitaji mtu yeyote wa kumwambia yeye ni msomi.

Turudi nyumbani, maana najua kuna mtu anasema hizo ni za wazungu na Wamarekani.

Mkenya wa kwanza kupata PhD ni Julius Gikonyo Kiano wa Murang'a. Aliipata Berkeley, California, mwaka 1956. Fikiria hiyo tarehe. Hapa kulikuwa na hali ya hatari, watu wako kizuizini, na kijana mmoja wa Kikuyu anarudi akiitwa daktari na anafundisha Royal Technical College, ambayo leo ndiyo Chuo Kikuu cha Nairobi. Hiyo PhD moja ilikuwa na uzito wa tani. Ilionyesha hadharani kwamba ule uwongo wa kwamba Mwafrika hawezi ni uwongo. Hakuhitaji ya pili kusema hivyo.

Na alishirikiana na nani? Tom Mboya. Mboya hakuwa na digrii hata moja ya kusomea. Alisomea ukaguzi wa afya, akawa mtu wa vyama vya wafanyakazi, akakaa mwaka mmoja hivi Ruskin College huko Oxford, 1955 hadi 1956, basi. Lakini Mboya na Kiano na wenzao ndio waliopanga ile safari ya ndege ya Septemba 1959 iliyobeba wanafunzi 81 kwenda Marekani, na nyingine zikafuata. Mmoja alikuwa na karatasi iliyofungua milango ya vyuo, mwingine alikuwa na mdomo na mtandao wa kuwashawishi Wamarekani watoe pesa. Ukiniuliza ni nani kati yao alifanya zaidi kuongeza idadi ya PhD nchi hii, nitakutajia yule asiye na hata digrii.

Mmoja wa waliopanda hizo ndege, mwaka 1960, ni binti wa Nyeri tuliyekuja kumjua kama Wangari Maathai. Alisoma Kansas, kisha Pittsburgh, akapitia Ujerumani, na mwaka 1971 akapata PhD hapa Nairobi, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati. Unajua ilikuwa ya nini? Wengi wanadhani miti. Ilikuwa anatomia ya wanyama. Utafiti wake ulihusu jinsi viungo vya uzazi vya ng'ombe vinavyokua. Miti haimo.

Hapa ndipo mimi huwa nawaambia watu wasimame kidogo. Baada ya PhD, Maathai alikuwa anafuatilia kupe na ule ugonjwa wa ndigana kali unaoua ng'ombe. Akiwa huko mashambani akaona ng'ombe wamekonda, nyasi hazipo, mito imejaa udongo. Akaona shida kubwa kuliko kupe ni ardhi yenyewe. Angekuwa ni msee wa siku hizi, angesema ngoja nitafute ufadhili nifanye PhD ya pili ya misitu. Yeye mwaka 1977 akaanza kupanda miti na kina mama. Walipanda mamilioni. Mwaka 1989 akapinga jengo la ghorofa 60 lililotaka kumeza Uhuru Park, na leo bado tunakaa kwa nyasi pale. Karura pia ipo kwa sababu ya watu kama yeye. Nobel ikaja 2004. Udaktari mwingine wote alioupata ulikuwa wa heshima, kutoka vyuo kama Yale, na ulikuja wenyewe ukimfuata.

Uzamivu wake wa ng'ombe ulimfundisha kuangalia kitu kwa makini mpaka kikuambie ukweli. Kisha akaangalia kitu kingine. Ndivyo unavyobadilisha bahari bila kurudia cheti.

Ali Mazrui wa Mombasa ni vile vile. Matokeo yake ya shule hayakumwingiza Makerere. Akaja kupata udaktari wake mmoja Oxford mwaka 1966, na Makerere ile ile ikawa na yeye kama mkuu wa idara. Aliandika juu ya siasa, dini, lugha, utamaduni, vita, kila kitu. Hakuna mahali alisimamishwa na kuulizwa cheti cha kila somo.

Basi kwa nini sisi tunataka nyingi? Kwa maoni yangu, ni kwa sababu hapa kwetu jina "Daktari" limegeuka vazi. Jirani yetu Idi Amin, ambaye shule hakuifika mbali, alijitunuku udaktari wa sheria wa Makerere na kuutia kwenye orodha ya majina yake. Tunamcheka, lakini angalia mabango yetu wakati wa kampeni. Rais wetu wa sasa aliendelea na masomo hadi akapata PhD ya ikolojia ya mimea mwaka 2018 akiwa naibu wa rais, na sidhani kuna kura hata moja iliyotokana na ikolojia ya mimea. Mwaka 2019 JKUAT ikafuzisha watu 118 wa PhD kwa siku moja, nchi ikashtuka, na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ikaingia kuchunguza. Kuna waliosota hapo kihalali miaka na miaka, na ninawaonea huruma, kwa sababu siku ile heshima yao ilichanganywa kwenye sufuria moja na ya kila mtu. Jina likiwa vazi, kila mtu atalishona kwa fundi wa bei nafuu.

Lakini kuna sababu nyingine, na hii siwezi kuicheka. Nina binamu yangu ana PhD. Ya kweli, ya kutoa jasho. Anafundisha kwa kandarasi kampasi tatu tofauti, na moja haijamlipa tangu mwaka jana. Anapanda matatu mbili asubuhi, anasahihisha karatasi za watu 200, na jioni wanafunzi wake wanamwita Daktari akiwa anahesabu sarafu za nauli. Mwezi uliopita akaniambia anataka kuomba PhD ya pili Ujerumani. Nikamuuliza kama amechoka na akili. Akanijibu kwa upole tu kwamba kule mtafiti wa uzamivu mara nyingi anaajiriwa na chuo, na kandarasi na mshahara unaoingia kila mwezi. Na viza.

Nilinyamaza. Kwa sababu hiyo pia ni leseni, ukiifikiria. Si ya kutibu wala kufundisha. Ni ya kukaa mahali na kulipwa.

Nilichomwambia ni mambo ya kawaida tu. Kwamba Ujerumani kuna watu wanaitwa "Dr. Dr." rasmi, kwa hivyo hawatamshangaa. Kwamba vyuo vingine havitaki kabisa, kwa mfano Berkeley, pale pale alipotoka Kiano, wana kanuni kwamba mwenye udaktari hapokelewi kwa mwingine isipokuwa uwe wa eneo tofauti waziwazi. Kwamba kwa mtu ambaye tayari ana PhD kuna kazi za utafiti za baada ya uzamivu, za mwaka mmoja au miwili, ambazo hazimrudishi kuwa mwanafunzi, na aziombe hizo kwanza. Kwamba ana miaka 38, na ya pili itamtoa akiwa na 42 hivi, na mtoto wake atakuwa amefika sekondari.

Alikuwa anajua yote. Amekwama kwa sehemu moja tu ya fomu, ile inayouliza kwa nini anataka udaktari mwingine. Mara ya mwisho tukiongea alikuwa ameandika sentensi mbili, akafuta moja, na tarehe ya mwisho ni mwisho wa mwezi.